Servisi ya kilomita 60,000: nimlipe wakala au nishike spana mwenyewe?

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu na kukushukuru kwa nafasi hii. Nina gari dogo la petroli, la silinda nne, nililolinunua likiwa jipya miaka minne iliyopita, na sasa halijabakiza hata kilomita 800 kufikia 60,000. Tangu nilipolichukua nimekuwa nikilipeleka kwa wakala aliyeniuzia, kila baada ya kilomita 10,000 kama kitabu cha gari kinavyoagiza, na mihuri yote mitano imo kwenye daftari la servisi.

Wiki iliyopita niliomba makadirio ya servisi ya sita. Nilipewa karatasi ambayo jumla yake inakaribia mara mbili ya servisi iliyotangulia. Kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, nilikaa nayo mezani nikaigawa katika mafungu 100 ili nione fedha inakwenda wapi. Ufundi unachukua mafungu 46. Spea zinachukua 30, yaani oili ya injini 11, filta tatu (ya oili, ya hewa na ya kiyoyozi) 9, plagi nne 7 na mafuta ya breki 3. Kuna mafungu 9 ya kitu kinachoitwa usafishaji wa mfumo wa petroli, mengine 9 ya usafishaji wa ndani wa injini, na 6 yaliyobaki yameandikwa tu kuwa ni ya vifaa vidogo.

Labda ningelipa nikanyamaza, kama si jambo lililotokea mwaka jana. Siku chache kabla ya servisi ile, nilikuwa nimefungua filta ya kiyoyozi kwa sababu hewa ilikuwa na harufu ya vumbi, nikaikung'uta na kuirudisha, na kabla ya kuirudisha nikaitia alama ndogo ya kalamu kwenye ukingo wake. Gari liliporudi, ankara ilionyesha filta mpya ya kiyoyozi. Nilifungua kisanduku cha dashibodi nikaitoa filta, nikaikuta alama yangu ipo pale pale. Nilirudi kwao, wakaomba radhi, wakasema fundi alisahau, wakabadilisha. Sikutaka ugomvi, lakini tangu siku hiyo kila mstari wa ankara yao nausoma mara mbili.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hutengeneza gari lake mwenyewe na anasema ninatupa fedha. Miezi mitatu iliyopita alinifundisha kumwaga oili kwa kutumia gari la zamani la mume wangu. Kazi ilikwenda vizuri na niliifurahia, ila asubuhi tulikuta matone matatu ya oili kwenye gazeti tulilokuwa tumelitandika chini ya injini. Shemeji aliikaza zaidi ile bolti ya chini, matone yakapungua, lakini hayakwisha mpaka fundi mmoja alipoishughulikia. Tangu hapo mume wangu ameshika msimamo kuwa gari langu lisiguswe na mtu yeyote isipokuwa wakala, hasa kwa kuwa dhamana yake ni ya miaka mitano na bado imebaki mwaka mmoja.

Naomba unisaidie. Je, kweli nitaokoa fedha nikifanya servisi hii mwenyewe, au nitakuwa nimehamisha gharama kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule? Na je, mume wangu yuko sahihi kuhusu dhamana?

Wako,
Mhasibu Mwenye Mashaka

*

Dada Mhasibu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, kama unavyosoma ankara siku hizi, na nitaanza na ile alama ya kalamu. Uliyoyaona yanatosha kukufanya uwe mwangalifu, na hakuna anayeweza kukulaumu kwa hilo. Hata hivyo, filta moja iliyosahauliwa haithibitishi kwamba kila kazi waliyoifanya ilikuwa hewa, wala matone matatu ya shemeji hayathibitishi kwamba kazi ya mikono yenu haifai. Wewe na mumeo mnabishana kuhusu nani aifanye servisi, ilhali swali linalotangulia, ambalo ndilo lenye fedha nyingi zaidi, ni kazi zipi hasa zinazostahili kufanywa gari likifika kilomita 60,000.

Chukua kitabu cha gari, si daftari la mihuri bali kile kinene kinachokaa kwenye kisanduku cha dashibodi na ambacho wengi wetu hatukifungui mpaka taa ya ajabu iwake. Ndani yake kuna jedwali la matengenezo lililoandikwa na mtengenezaji, lenye kilomita upande mmoja na kazi upande mwingine. Liweke kando ya makadirio uliyopewa, upige mstari chini ya kila kazi ambayo haimo kwenye jedwali. Nitashangaa sana ukiukuta usafishaji wa ndani wa injini humo, kwa sababu injini inayobadilishiwa oili sahihi kwa wakati haihitaji kuoshwa, na watengenezaji wengi hawauagizi kabisa. Usafishaji wa mfumo wa petroli nao kwa kawaida haumo kwenye ratiba. Gari likiwa na dalili, kama kutetemeka likiwa limesimama au kukosa nguvu, hapo kuna tatizo la kuchunguzwa, na uchunguzi ni kazi tofauti na servisi. Tena kama injini yako ni ya zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, dawa ya kuchanganya kwenye tangi haiwezi kuondoa masizi yaliyoganda kwenye vali za kuingizia hewa, kwa sababu petroli haipiti hapo. Waulize wakala kwa upole: kazi hizi mbili zimo kwenye ukurasa gani wa kitabu? Wasipokuonyesha ukurasa, mafungu 18 yameondoka kabla hujagusa hata spana moja.

Plagi nazo zinataka kuangaliwa. Plagi za kawaida za nikeli hubadilishwa mapema, mara nyingi kati ya kilomita 30,000 na 50,000, lakini magari mengi ya miaka hii hutoka kiwandani na plagi za iridiamu, ambazo watengenezaji wengi huzipangia kilomita 100,000 au karibu na hapo. Ikiwa zako ni za iridiamu na jedwali linasema 100,000, kuzitoa sasa ni kutupa kitu kizima, na wewe utalipia spea pamoja na ufundi wa kuzifikia. Ikiwa jedwali linasema 60,000, zibadilishwe bila mjadala.

Kwenye mafuta ya breki sitaki ubane hata kidogo. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu wa kukanyaga breki mfululizo, mafuta yaliyochoka yanaweza kuchemka, yakafanya mapovu, na pedali ikazama hadi chini bila kushika. Ndiyo maana watengenezaji wengi huyapangia miaka 2 na hawaangalii kilomita peke yake. Gari lako lina miaka minne. Ikiwa ratiba yako ni hiyo, basi yalipaswa kuwa yamebadilishwa mara moja tayari, na kwa kuwa wewe ni mhasibu naamini risiti zote unazo: itafute ile ya mwaka wa pili uone kama mstari huo upo.

Sasa tuje kwenye mafungu 46 ya ufundi, ambayo ndiyo kiini cha malalamiko yako. Karakana nyingi, hasa za mawakala, hazikutozi kwa dakika ambazo fundi aliinama chini ya gari lako. Kila kazi ina muda wake uliokwisha kupangwa kitabuni, na muda huo huzidishwa kwa bei ya saa ya karakana. Kazi iliyopangiwa saa moja na nusu, fundi mzoefu akiimaliza kwa dakika 50, wewe unalipia saa moja na nusu. Si wizi, kwa sababu siku bolti ikigoma akakesha nayo saa tatu, utalipia saa ile ile moja na nusu. Lakini ina maana kwamba kila kazi unayoifuta inafuta na saa zake. Wakala asikufutie usafishaji na plagi huku ufundi ukibaki 46. Omba makadirio mapya yenye saa za kila kazi, na yale mafungu 6 ya vifaa vidogo yaandikwe ni vifaa gani, maana kwa jina hilo watu wamelipishwa hata vitambaa vya kupangusia mikono.

Ngoja tukadirie, na tarakimu utazirekebisha mwenyewe. Ondoa 18 za usafishaji. Tuseme plagi si za mwaka huu, ondoa 7. Tuseme ufundi, baada ya kupungua kwa kazi hizo, umeshuka kutoka 46 hadi 30, na vifaa vidogo kutoka 6 hadi 4. Unabaki na 57. Mafungu 43 yameokolewa, na gari bado liko mikononi mwa wakala, muhuri bado unapigwa, na mume wako hajakunja uso. Shemeji hakukosea aliposema unatupa fedha, ila alikuelekeza kwenye spana wakati sehemu kubwa ya fedha hiyo inaokolewa kwa kalamu.

Kuhusu dhamana, mume wako ana hofu ya haki, lakini ameipeleka mbali kuliko inavyostahili. Nchini Marekani, Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 humzuia mtengenezaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia huduma au spea zenye jina lake, isipokuwa anazitoa bure au amepata kibali maalumu, na katika Umoja wa Ulaya kanuni za ushindani zinalinda kwa namna hiyo hiyo haki ya mwenye gari kulihudumia nje ya karakana za mawakala. Mahali pengine, mwamuzi ni masharti yaliyochapishwa kwenye kijitabu chako cha dhamana, na hayo usiyasome kwa kusikia kwa mtu. Kwa vyovyote vile, sheria ikulinde au isikulinde, siku injini ikiharibika ukadai fidia utaulizwa maswali mawili tu: oili ilibadilishwa lini, na ilikuwa oili ya kiwango gani? Mwenye risiti yenye tarehe, kilomita na daraja la oili ana la kujibu. Anayesema nilifanya mwenyewe na chupa nilitupa, hana. Kwa hiyo, kwa kuwa umebakiza mwaka mmoja, ushauri wangu ni kwamba servisi hii ya 60,000 uiache kwa wakala, baada ya kuipunguza kama nilivyoeleza. Akishaifanya, tupia jicho mambo mawili: kwamba daraja la oili limeandikwa kwenye ankara, na kwamba spea za zamani umeonyeshwa. Omba jambo hili la pili kabla kazi haijaanza, kwani baadaye utaambiwa zimekwisha kutupwa.

Hata hivyo, zipo kazi mbili ambazo ningezitoa kwenye karatasi yao leo hii, dhamana ikiwepo au isiwepo. Filta ya kiyoyozi umekwisha kuifungua mwenyewe, kwa hiyo unajua kwamba haihitaji zaidi ya dakika 10. Angalia tu mshale uliochapwa ubavuni, unaoonyesha upande hewa inakoelekea, na uirudishe ukiufuata. Filta ya hewa ya injini nayo katika magari mengi inashikwa na vibanio viwili au vinne juu ya sanduku la plastiki. Pangusa vumbi lililo ndani ya sanduku kwa kitambaa kabla ya kuweka filta mpya, uhakikishe ukingo wake wa mpira umekaa sawasawa pande zote, basi. Kazi hizi ukizikosea, makosa yake ni madogo na huonekana mapema. Ndicho kipimo changu kwa kila kazi ya mikono: nikikosea nitajua upesi kiasi gani, na kosa litanigharimu nini?

Kwa kipimo hicho, kumwaga oili kunakaa katikati, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ya yale matone. Nina hakika ya kutosha kwamba shemeji hakuweka washa mpya. Bolti ya kumwagia oili iliyo chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hukaa na washa laini ya aluminiamu, shaba au mchanganyiko wa chuma na mpira, ambayo ikikazwa hujibana kidogo na kuziba mwanya. Nyingi zimekusudiwa kubanwa mara moja tu. Ukiirudisha ya zamani, ambayo imekwisha kuwa bapa na ngumu, oili hupata njia, tone moja baada ya jingine, na silika ya kila mwanamume mwenye spana ndefu (shemeji anisamehe) ni kukaza zaidi. Sampu nyingi ni za aluminiamu. Ukizidisha nguvu, nyuzi za tundu huchanika, na hapo washa ambayo bei yake haifiki hata ya kichungi cha chai inageuka kuwa sampu mpya. Kitabu cha ufundi cha gari lako kinataja nguvu ya kukaza bolti hiyo. Kwa magari madogo mengi ni kati ya nyutoni-mita 25 na 45, na spana yenye kipimo hukujulisha ukiifikia. Kosa la pili linalowapata wanaojifunza ni la filta ya oili: duara la mpira la filta ya zamani hunata kwenye injini bila mtu kuona, filta mpya ikafungwa juu yake, na gari likiwashwa oili inaruka badala ya kudondoka. Pitisha kidole pale filta ilipokaa, kabla ya kufunga mpya. Mpira wa filta mpya upake oili safi kidogo, uifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha uongeze kadiri maandishi ya kwenye filta yenyewe yanavyosema, mara nyingi robo tatu ya mzunguko.

Oili yenyewe usiichague kwa ushauri wa muuzaji wala kwa uzuri wa chupa. Kitabu kitataja unene, kwa mfano 0W-20 au 5W-30, na kiwango cha ubora kinachotakiwa, na vyote viwili lazima vionekane kwenye chupa. Injini ya silinda nne ya kawaida hubeba kati ya lita 3.5 na 5. Usimimine zote kwa mkupuo kwa sababu chupa ni ya lita 5. Mimina pungufu kidogo, washa injini dakika moja, izime, subiri dakika chache ishuke, upime kwa kijiti kilicho kwenye injini, ndipo uongeze. Oili iliyozidi ina madhara yake, si kama maji kwenye mtungi.

Na sasa jambo ambalo ningependa mume wako alisome kwa sauti. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake halifai kuingiwa chini, hata kwa nusu dakika, hata kuokota nati. Jeki hupoteza shinikizo, jeki huteleza. Gari lisimame kwenye sakafu ngumu na tambarare, magurudumu yanayobaki chini yakingwe kwa kabari, uzito wake ukae juu ya stendi imara za chuma, na ulitikise kwa mkono kabla ya kujilaza. Kama nyumbani kwenu hakuna sehemu tambarare ya sakafu ngumu, mjadala wa kumwaga oili mwenyewe umeishia hapo. Vaa glavu, kwa kuwa oili iliyotumika ina kemikali zisizofaa kuzoeana na ngozi, na uirudishe kwenye chupa zilizobaki tupu uipeleke inakopokelewa. Usiimwage kwenye mtaro.

Gharama za kazi hii uzihesabu kama unavyohesabu za ofisini. Stendi, jeki, spana yenye kipimo, beseni la kukingia na faneli ni mali ya kudumu, kwa hiyo zigawe kwa idadi ya servisi unazotarajia kuzifanya katika miaka mitatu ijayo, usizibebeshe servisi ya kwanza peke yake. Ongeza saa zako. Mara ya kwanza peke yako itakuchukua nusu siku pamoja na kutafuta washa dukani. Mara ya nne itakuwa saa moja. Unaweza kukuta kwamba unachookoa kwenye oili pekee, baada ya kugawa hivyo, ni kidogo kuliko ulivyoahidiwa na shemeji, hasa kwa mtu anayefanya servisi moja na nusu kwa mwaka kama wewe. Ukiifanya kwa kuwa uliifurahia, hiyo ni sababu njema, na uiandike kwenye safu ya burudani.

Dhamana ikiisha mwakani, kuna njia ambayo katika nyumba yenu inaonekana hakuna aliyeitaja. Fundi wa kujitegemea mwenye karakana yake, anayeijua aina ya gari lako, mara nyingi hutoza saa moja kwa bei ya chini sana kuliko wakala, na wengi wanakubali uje na oili na filta ulizonunua mwenyewe. Yule aliyemaliza yale matone ungeanza naye. Mpe servisi ndogo kwanza, umwangalie anavyofanya kazi: je, anatumia kipimo anapokaza nati za magurudumu, au anazikaza kwa mashine mpaka zilie? Je, anakuonyesha unene wa pedi za breki kabla ya kusema zimekwisha? Kitu ambacho wewe na shemeji hamwezi kukipata mkifanya peke yenu ni jicho la mtu aliyezoea kuangalia chini ya magari kila siku, anayeona mpira wa ekseli uliopasuka au bomba linaloanza kuliwa na kutu wakati alikuwa ameingia kumwaga oili tu. Hata ukiwa fundi hodari wa nyumbani, lipia jicho hilo mara moja kwa mwaka.

Mafuta ya breki, oili ya gia boksi na mkanda wa taimingi, kama injini yako ni ya mkanda na si ya cheni, viache kwa wenye kazi. Mkanda wa taimingi ukikosewa meno mawili, katika injini nyingi vali hugongana na pistoni, na utanunua kichwa cha injini. Pedi za breki za nyuma pia uzikae mbali ikiwa breki ya mkono ya gari lako ni ya kubonyeza kitufe, kwa sababu pistoni yake hurudishwa kwa amri ya kompyuta, na anayeisukuma kwa nguvu huivunja.

Kwa wakala usikate mguu kabisa. Mara moja kwa mwaka mpigie simu umtajie namba ya chesi, ile yenye herufi na tarakimu 17, umuulize kama gari lako limeitwa kwa marekebisho ya kiwandani. Marekebisho ya usalama ya namna hiyo kwa kawaida hufanywa bila malipo hata kama servisi zako unazifanya kwingine.

Na mume wako mpe daftari. Simaanishi kumtuliza, kazi ya kumbukumbu ni nusu ya servisi, na mtu mwenye wasiwasi huifanya vizuri kuliko mwenye shauku. Aandike tarehe, kilomita, daraja la oili na namba ya filta, abandike na risiti. Siku wewe na shemeji mtakapolimwagia oili lile gari lake la zamani kwa mara ya pili, safari hii na washa mpya, litandikieni gazeti chini ya sampu usiku huo na usiku unaofuata. Likiwa kavu asubuhi zote mbili, yeye mwenyewe ndiye aandike hilo kwenye daftari.